Utangulizi: Kupima, Kushuku na Kuuliza

Karibu kwenye uwanja ambao kila mpita njia ana la kusema juu yake. Mzazi, mbunge, mfadhili, mwenye duka la vifaa vya maabara: wote watakwambia kwamba maabara hazitoshi, walimu wa fizikia hawapatikani, na watoto wanakariri tu. Hawajakosea. Ila hata shule ikipata maabara yenye mabomba ya gesi na darubini kwa kila meza, swali letu litabaki palepale: mwanafunzi anafundishwaje kuuacha ushahidi uamue, hata pale unapoamua kinyume na alivyotaka yeye au mwalimu wake? Wanaochunguza ufundishaji wa stadi za kisayansi wanahangaika na swali hilo. Kitabu hiki kinakualika uhangaike nalo, uwe mwanachuo unayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, au mwalimu mkongwe ambaye muda mrefu umehisi kuna kitu hakiendi sawa katika vipindi vya vitendo.

Stadi zenyewe ziliorodheshwa zamani. Katika miaka ya 1960 Chama cha Kuendeleza Sayansi cha Marekani kilitunga mtaala wa shule za msingi uliojengwa juu ya kutazama, kupima, kuainisha, kukisia na kutabiri, kisha kutunga nadharia tete na kudhibiti vigeu, yaani yale mambo katika jaribio yanayoweza kubadilika. Orodha hiyo, kwa maneno tofauti kidogo, utaikuta katika mihtasari ya masomo ya Tanzania na ya Kenya pia. Sitakukalisha juu yake. Orodha hukaririka kama kitu kingine chochote, na wapo wanafunzi wanaotaja hatua zote za uchunguzi wa kisayansi kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, ambao hawajawahi kuchunguza chochote.

Afadhali tuanze na aiskrimu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanayachanganya na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake mmoja, ili awahi, aliyaweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba alipoona nafasi inakwenda, akayatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amejichanganya, kwani jambo hilo haliwezekani.

Kisa hiki tunakipenda sana Tanzania, na kwa kawaida tunakisimulia kama kisa cha mtoto mwenye kipaji aliyedharauliwa na wakubwa, mwishowe akawaumbua: mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, walichapisha makala katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na jina la Mpemba likabaki vitabuni. Mimi naona kukisimulia hivyo ni kukipunja. Kipaji hakifundishiki, na kama kisa chote ni kipaji, mwalimu hana cha kuchukua hapo isipokuwa onyo la kutokuwa mkali. Vya kuchukua viko katikati, katika ile miaka ambayo wasimulizi huiruka.

Baada ya kukatishwa tamaa, Mpemba alikutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini. Akamwuliza anavyofanya. Rafiki akamwambia kwamba yeye huingiza maziwa yakiwa ya moto ili yawahi kuganda. Hapo ushahidi ukawa wa pili, tena kutoka kwa mtu ambaye riziki yake inategemea kuganda huko. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, mwalimu alifundisha kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, naye akauliza tena. Aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima, na tangu hapo kila alipokosea darasani wenzake wakamtania kwa msemo huo. Halafu siku moja alikuta maabara iko wazi. Akachukua bika mbili za mililita 50, moja akaijaza maji ya bombani, nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friji. Saa moja baadaye hakuna iliyoganda yote, lakini yenye maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Osborne alipotembelea Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba alisimama na kuuliza. Linganisha alichouliza siku hiyo na alichouliza Magamba. Magamba aliuliza kwa nini maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya baridi. Hapo kuna maziwa na sukari, kuna yaliyochemshwa na yasiyochemshwa, kuna vyombo vya watu wawili tofauti, na hatujui kila kimoja kilikaa upande gani wa friji. Kwa Osborne aliuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, ukavitia maji ya ujazo sawa, kimoja yakiwa na nyuzijoto 35 na kingine 100, kwa nini cha 100 hutangulia kuganda? Maziwa yameondoka. Sukari imeondoka. Vyombo vimelinganishwa, ujazo umelinganishwa, joto limetajwa kwa tarakimu, na kilichobaki kutofautiana ni kitu kimoja tu. Safari ya kutoka swali la kwanza hadi la pili ndiyo tunayoiita stadi za kisayansi, na yote tunayoyatafiti katika uwanja huu yanahusu namna ya kumpitisha safari hiyo mwanafunzi wa kawaida, asiye na ubishi wa Mpemba.

Yuko mtu mwingine katika kisa hiki ninayempenda, ingawa hasifiwi na yeyote. Osborne hakuamini alichoulizwa, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto yametangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha daftari za vitendo atamtambua fundi huyu mara moja. Ndiye yule mwanafunzi aliyepata mvutano wa dunia wa 8.7 akaandika 9.8, au aliyechora alama tano za grafu kwanza kwenye mstari ulionyooka kisha akarudi nyuma kutafuta namba za kujaza jedwali. Tunasema amepika data. Mara nyingi si mdanganyifu. Amefundishwa, kwa maksi tulizompa na tulizomnyima, kwamba jaribio ni njia ndefu ya kufikia jibu ambalo mwalimu analo tayari.

Na jambo lenyewe la maji ya moto? Bado lina wapinzani. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilishindanisha maelezo ya kisayansi ya jambo hilo na kupokea zaidi ya majibu 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao na kusema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia kupoa. Walionyesha pia kwamba ukihamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya maji, unaweza kudhani umeona kisichokuwapo. Wapo wanaohuzunika wakisikia hivyo, kana kwamba Mpemba amevuliwa taji. Mimi hulipeleka darasani likiwa bichi hivyo hivyo. Tuseme maji yameganda lini, barafu ya kwanza ikionekana au tone la mwisho likiisha? Kipimajoto kikae wapi? Friji zetu za zamani hujaa theluji. Je, chombo cha moto hakiyeyushi theluji chini yake na kugusana vizuri zaidi na ubao wa baridi, wakati cha baridi kinakaa juu ya godoro la theluji? Kidato cha pili wanaweza kubishana juu ya hayo kipindi kizima, na hakuna hata mmoja atakayelikuta jibu kwenye desa.

Ubishi wa namna hiyo una kiini kimoja ambacho watafiti wamekisaga kuliko vyote: kubadilisha kitu kimoja na kuvishika vingine visibadilike. Bärbel Inhelder na Jean Piaget, katika kitabu chao cha mwaka 1955, waliwapa watoto na vijana jiwe linaloning'inia kwenye uzi na kuwauliza ni nini huamua kasi ya kwenda na kurudi: urefu wa uzi, uzito wa jiwe, kimo linakoachiwa, au nguvu ya kulisukuma. Wadogo walibadilisha vitu viwili au vitatu kwa mpigo, kisha wakasema kwa uhakika kwamba uzito ndio sababu.

Lifanye jaribio hilo na darasa lako kabla hujasoma zaidi. Linahitaji uzi, mawe mawili na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde. Kwanza kila kundi liandike linachotarajia. Uzi wa sentimita 25 utakupa mizunguko 20 kwa sekunde 20 hivi, na uzi wa mita moja kwa sekunde 40 hivi. Utaona mambo mawili. La kwanza, karibu kila kundi litafunga jiwe zito kwenye uzi mfupi na jiwe jepesi kwenye uzi mrefu, bila kukusudia, kwa sababu tu ndivyo vilivyokuwa mezani. La pili ni zuri zaidi: urefu ukizidishwa mara nne, muda huzidi mara mbili tu. Atatokea mmoja atakayesema wamekosea kuhesabu. Mwache ahesabu tena, na tena, na asipewe jibu. Atatokea mwingine atakayepima uzi hadi fundo badala ya hadi katikati ya jiwe, na mtapata nafasi ya kuzungumza juu ya makosa ya vipimo bila kuyaita dhambi.

Hapa ndipo palipo na ugomvi mkubwa wa uwanja huu, na nisingependa uingie bila kuujua. Upande mmoja wanasema mtoto agundue mwenyewe. Rai hiyo ni ya siku nyingi. Mkemia Mwingereza Henry Armstrong aliipigania mwishoni mwa karne ya 19. Upande wa pili wanasema mtoto akiachwa agundue mwenyewe atagundua machache, na mengi kati ya hayo yatakuwa ya uongo. Mwaka 2004 David Klahr na Milena Nigam waliwagawa wanafunzi wa darasa la tatu na la nne huko Marekani. Kundi moja lilielezwa waziwazi namna ya kupanga jaribio lenye kigeu kimoja, kwa mifano mizuri na mibaya. Jingine lilipewa vifaa vilevile lijivumbulie. Katika kundi la kwanza asilimia 77 walifikia kiwango cha umahiri, katika la pili asilimia 23. Na wale wachache waliojivumbulia hawakuwa bora kuliko wenzao walioelezwa, walipotakiwa baadaye kukagua kazi za watoto wengine.

Msimamo wangu utauona kila sura, kwa hiyo niutaje hapa: mbinu ya kudhibiti vigeu ielezwe, tena mapema, wala isifichwe kama zawadi ya mwishoni. Kinachopaswa kuachwa wazi ni swali na matokeo. Maabara zetu nyingi zimefanya kinyume. Mwanafunzi hupewa karatasi ya maelekezo inayomwambia pima hiki, changanya na kile, andika rangi uliyoiona, na mwishoni haambiwi kwa nini mpango ule ulikuwa mzuri kuliko mwingine. Ian Abrahams na Robin Millar walitazama vipindi 25 vya vitendo katika shule za Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2008: wanafunzi walifanikiwa sana kufanya kwa mikono kile mwalimu alichotaka, lakini walikuwa hafifu katika kuyatumia mawazo ya kisayansi yaliyokusudiwa kufikiria walichokuwa wakikifanya. Na huko vifaa havikuwa tatizo. Nawakumbusha hilo kila mara wenzangu wanaodhani shehena ya bika itatuokoa.

Dawa ndogo, isiyo na gharama, ilielezwa vizuri na Richard White na Richard Gunstone mwaka 1992: tabiri, tazama, fafanua. Mwanafunzi aandike utabiri wake na sababu kabla hajagusa kitu, atazame, kisha aeleze tofauti kati ya alichotarajia na alichokiona. Kuandika kabla ni muhimu. Asiyeandika atakuja kusema alijua tangu mwanzo, na atakuwa anaamini anachokisema.

Lakini afafanue kwa lugha gani? Suala hili vitabu vya Ulaya na Marekani hulipita kwa sentensi moja, nasi hatuwezi. Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanahamia Kiingereza. Halima Mwinsheikhe alichunguza vipindi vya sayansi katika sekondari za Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mradi wa LOITASA, chini ya Birgit Brock-Utne, Zubeida Desai na Martha Qorro, ukaendelea kulichimba suala hilo Tanzania na Afrika Kusini. Walichokionyesha hakimshangazi mwalimu yeyote wa huku: kwa Kiswahili wanafunzi wanazungumza, wanauliza na kupingana, kwa Kiingereza wanajibu kwa neno moja au kuitikia kwa pamoja. Sasa, kubishana juu ya ushahidi ni stadi ya kusema. Anayetafuta neno hawezi wakati huohuo kutafuta kasoro katika jaribio la mwenzake. Sera ni sera, na mtihani utakuja kwa lugha uliyopangiwa, lakini nakushauri bila kuona haya: ubishi wa kwenye meza ya jaribio ufanyike kwa lugha ambayo watoto huitumia wakigombania mpira, halafu taarifa iandikwe kwa lugha ya mtihani.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Afrika Mashariki imewahi kuwa mahali pa fikra mpya katika jambo hili. Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi Afrika wa miaka ya 1960 ulitoa vijitabu vya walimu vilivyotumia vitu vya uani: mchanga mkavu na mbichi, mbu, na yule mdudu anayechimba kishimo cha mviringo kwenye vumbi chini ya paa akisubiri sisimizi waangukie. Hebu fikiria maswali yanayotoka kwenye kishimo kimoja. Vumbi likiloweshwa atachimba? Vishimo vikubwa vina wadudu wakubwa? Usiku anachimba? Eleanor Duckworth alipoutathmini mpango huo nchini Kenya hakutoa mtihani. Aliwaweka watoto chumbani na vitu mbalimbali, kisha akahesabu ni mambo mangapi tofauti waliyowaza kuyafanya navyo. Waliopitia mpango walipata mawazo mengi zaidi na yenye undani kuliko wasioupitia. Sijui kipimo cha stadi za kisayansi ninachokionea wivu kuliko hicho.

Kenya iliendelea na njia hiyo kwa sura nyingine: mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, ilianza mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, ambao kubuni vifaa mbadala kulikuwa moja ya nguzo zake. Na mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko, shule ya kutwa ya kijijini katika kaunti ya Nakuru iliyokuwa na kompyuta moja tu, alipewa tuzo ya dunia ya ualimu ya dola milioni moja. Wanafunzi wake walikuwa wamebuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na viziwi kupima vitu. Nakutajia habari hii kwa tahadhari. Maonyesho ya wanasayansi vijana, ambayo Tanzania pia inayo tangu taasisi ya Young Scientists Tanzania ianzishwe mwaka 2011, yana faida kubwa kwa sababu mwanafunzi anatetea kazi yake mbele ya mgeni anayeuliza vibaya. Lakini yanawafikia wawili au watatu kwa shule, na kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wale sabini waliobaki darasani.

Na hao sabini tutawapimaje? Hapa uwanja wetu bado ni mchanga, na mitaala mipya ya umahiri Tanzania na ya umilisi Kenya imetuongezea deni. Mtihani wa vitendo wa taifa unapima sehemu tu ya tunachokitaka, maana vifaa lazima viandaliwe mapema, na shule zikishajua vifaa huanza kukisia maswali na kuwakaririsha watoto majaribio. Hata kitendo kinakaririka. Kwa upande mwingine, kumwangalia kila mwanafunzi akifanya jaribio ni anasa ya mwenye wanafunzi kumi na tano.

Anton Lawson, mwaka 1978, alifungua njia ya katikati: karatasi na kalamu, lakini maswali yasiyo na jibu la kukariri, na kila jibu lazima lidaiwe sababu yake. Nitakupa moja nililolitunga kwa mtindo huo, ulipeleke kesho. Uzi wa kwanza una sentimita 60 na jiwe la gramu 100. Wa pili una sentimita 30 na jiwe la gramu 100. Wa tatu una sentimita 60 na jiwe la gramu 50. Unataka kujua kama uzito wa jiwe unabadilisha muda wa kwenda na kurudi. Utatumia nyuzi zipi mbili, na kwa nini?

Wengi watachagua wa pili na wa tatu, na watakuandikia kwamba wamezichagua kwa sababu ndizo zinazotofautiana zaidi. Wengine watataka zote tatu, kwa usalama. Wachache watasema wa kwanza na wa tatu, na baadhi yao watakuwa wamebahatisha, utawajua kwa sababu walizotoa. Yapange majibu kwa makundi hayo kabla ya kuweka alama yoyote, kisha fungua sura ya kwanza, ambayo inaanza na wale waliotaka zote tatu.